Tupeane uzoefu: uliwahi kuwa "sungura" kwenye mbio?

Mzee wa Chokaa
Wakuu habari za humu. Jana naangalia mbio za mita 1500 kwenye runinga na kijana wangu wa kidato cha pili. Yule aliyekuwa mbele akafika mita 800, akaingia kwenye majani, akasimama. Mtoto ananiuliza, "Baba, amechoka?" Nikamwambia hajachoka, huyo ni sungura, kazi yake imeisha. Nilipotamka hilo neno nikakaa kimya, maana na mimi nimewahi kulivaa.

UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, mbio za mita 1500. Mwalimu wa michezo alinivuta pembeni akasema mwenzangu wa bwenini ndiye anayetakiwa kwenda taifa, mimi nimtolee mwendo hadi mita 1000 kisha nitoke. Nikakubali. Uwanja wa nyasi, mistari ya chokaa imelowa mvua, natimua peku, nasikia pumzi zake nyuma ya sikio langu la kulia. Mita 1000 ikafika, miguu yangu mizima kabisa, kifua chepesi. Nikatoka. Nikiwa nimeshika magoti nikasikia kengele ya mzunguko wa mwisho inagongwa, na wao wanapita. Mwenzangu alishika nafasi ya tano. Hakwenda taifa, mimi sikwenda, na shule haikupeleka mtu.

Waliowahi kuvuta wenzao, karibuni tupeane uzoefu. Nawasilisha.

Binti Manyara
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Hiyo kengele!

Fundi Saa
Kwa wasiojua: sungura ni yule anayetangulia ili wengine wapate mwendo na wakingwe upepo. Wakenya wengi wanasema pesimeka. Ni picha ya mbio za mbwa wa Ulaya, ambako sungura wa bandia anatangulizwa na mbwa wanamkimbiza. Mbio za maili ndizo zilizoipa kazi hii jina kubwa. Mwingereza Roger Bannister alipokimbia maili chini ya dakika 4 pale Oxford mwaka 1954, kwa 3:59.4, mbele yake alivutwa kwanza na mwenzake Brasher, kisha Chataway. Olimpiki hakuna sungura wa kulipwa, ndiyo maana fainali zake nyingi huanza taratibu.

Mkonge
Mimi neno lenyewe silipendi. Sungura wa hadithi za bibi ni mjanja, hamwachii mtu chakula. Huyu wa uwanjani anapika, wenzake wanakula. Mwiteni mvutaji.

Singida Upepo
Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, naye si alikuwa sungura tu? Anatangulia toka mlio wa bastola.

Kocha Mstaafu
@Singida Upepo futa hiyo kauli. Sungura anatoka, Bayi hakutoka. Christchurch 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola: aliongoza mita zote 1500, akamaliza kwa 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyekuwa anamfukuza naye alipita chini ya rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun, na bado akawa wa pili. Mwaka uliofuata, Kingston, Bayi akavunja na rekodi ya dunia ya maili, 3:51.0. Alijivuta mwenyewe. Nilikuwa mtoto, tulisikiliza redioni.

Singida Upepo
Sawa mzee wangu, sikumaanisha kumvunjia heshima. Ila wapinzani wake walikuwa wanapata mwendo bure.

Kocha Mstaafu
Bure? Muulize aliyewahi kuufuata mwendo huo kama ni wa bure.

Kaptagat Asubuhi
Acheni niseme yangu, sijawahi kuyaandika popote. Nilipelekwa Ulaya kuvuta 1500 ya wanawake. Makubaliano: mita 800 kwa 2:08, nitoke, nilipwe. Pesa yenyewe ilikuwa ya ng'ombe wawili wa maziwa, na mama alikuwa ameshatafuta nyasi.

Bastola ikalia, nikaondoka. Mita 400 nikaangalia saa kubwa: sekunde 61, badala ya 64. Nimewahi kwa sekunde tatu. Nageuka, kundi liko mita ishirini nyuma, hakuna anayenifuata. Navuta hewa tupu. Nikapunguza, hawakuja. Mita 800 ikafika, nikaona mkono wa wakala wangu kando ya uwanja unaniita nitoke. Jamani, mguu ulikataa. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Nilijiambia nitatoka baada ya kona, kona ikaisha nikiwa bado ndani. Kwenye kengele nilikuwa peke yangu. Mita 200 za mwisho mapaja yakawa mawe, wakanipita mmoja, wa pili, wa tatu. Nikamaliza wa nne, nikadondoka kwenye mstari.

Muda wangu bora maishani. Wakala hakunitazama usoni. Kule hotelini akaniambia, "Ulikodiwa kuwavuta, si kuwakimbia." Sikupewa hata shilingi. Nilimpigia mama nikamwambia ng'ombe wasubiri.

Binti Manyara
Dada yangu pole sana. Nimesoma nimesimama.

Mkonge
Alikudhulumu! Aliyeandikishwa kwenye mbio ana haki ya kumaliza. Tom Byers, Oslo 1981, aliwekwa kuvuta 1500, wakubwa wakamwacha aende, akashinda mbele ya nyota wa Uingereza Steve Ovett.

Fundi Saa
Dada pole, ila kazi ilikuwa 64 ukaenda 61. Waliokuwa nyuma nao wamejiandaa mwaka mzima kwa ajili ya mwendo ule. Sungura mzuri ni saa.

Kaptagat Asubuhi
@Fundi Saa hiyo ya 61 ni kosa langu, naikubali. Nimevuta mara nyingi baada ya hapo, sikukosea tena. Lakini ile siku singetoka.

Kocha Mstaafu
Ushauri kwa vijana: kabla ya kuvuta, andikiana kila kitu, hata ukimaliza mbio mnafanyaje.

Singida Upepo
Ushauri wangu: usikubali kabisa ukiwa chini ya miaka 20. Mwili unazoea kutoka.

Mkonge
Mimi nasema kubali kila mara, ndiyo mazoezi ya kwenda mbele bila woga.

Binti Manyara
Mzee wa Chokaa, yule mwenzako wa bwenini mnaongea?

Mzee wa Chokaa
Tunaongea. Miaka mingi alidhani nilichoka. Nilimwambia ukweli msibani kwa mwalimu wetu, akanyamaza, akanishika bega.

Sasa kijana amesoma uzi wote huu, anataka kujua kama Jumamosi nitamvuta. Nimemwambia mita 200 za kwanza, kisha aniache kwenye majani.

Kaptagat Asubuhi
Mwambie asipunguze ukitoka. Hapo ndipo wengi wanapunguza.