Helios 44-2 kwenye Canon 600D: natafuta ulaini, napata ukungu

Mwanakapri
Habari wakuu. Nina Helios 44-2 (58mm f/2), nimeifunga kwenye 600D kwa adapta ya M42 (pete ya kuunganishia lenzi za skrubu). Nataka picha za sura za kizamani: ngozi laini, mwanga ukisambaa kidogo, lakini macho yaonekane. Napigia Capri Point, Mwanza, jioni, mteja ziwa liko nyuma yake, f/2 (tundu la lenzi wazi kabisa), na mbele kuna filta ya UV niliyopaka mafuta ya mgando. Kinachotoka ni weupe mtupu, nyeusi zimekuwa kijivu, macho hayaeleweki. Tatizo lenzi au mafuta?

LenziKuukuu
Mkuu, anza na lenzi. Toa filta, fungua hadi f/2, mulika tochi ya simu kwa nyuma na uchungulie mbele kwa upande. Utando mweupe ni ukungu wa ndani. Nyuzinyuzi zinazotambaa ni fangasi. Helios nzima iko kali katikati hata kwenye f/2, ulegevu wake uko pembeni. Kama katikati hapaeleweki bila filta, fundi aifungue aisafishe, usihangaike na mafuta.

Halafu fokasi. Ukiwa mita 1 kwa f/2, sehemu iliyo kali ina unene wa kama sentimita 2 tu, na kwa kuchungulia kwenye kitundu cha 600D hutaiona vizuri. Washa Live View (picha kwenye skrini ya nyuma), kuza mara 10, shika kope za jicho lililo karibu. Weka kwanza f utakayopigia ndipo ufokasi, maana ukibana tundu baadaye fokasi inaweza kusogea.

Picha_Kirumba
Mafuta umepaka mengi. Osha filta kwa sabuni ya vyombo, ikauke, kisha paka kiasi cha punje ya mchele ukingoni, katikati pabaki wazi sentimita 1 hivi. Ukiburuta kidole juu na chini, mwanga unachirizika kushoto na kulia, kwa hiyo amua kabla. Fanya kazi kati ya f/2 na f/2.8, ukibana tundu hadi f/5.6 lenzi inapitishia pale palipo wazi tu na ulaini unakwisha. Kioo cha lenzi chenyewe usikiguse na mafuta.

Mimi lakini mafuta siyapendi, yanashika vumbi. Chukua stokingi nyeusi, ivute sawasawa juu ya fremu tupu ya filta ya 49mm, funga kwa mpira wa pesa. Nyeupe usijaribu kwa jua la pale: inang'aa yenyewe, na ngozi nyeusi inatoka kama ina majivu. Ukiivuta zaidi matundu yanapanuka na ulaini unapungua. Inakula mwanga, pima upya ukishaifunga.

Na hilo jua linazama usawa wa lenzi yako. Msogeze mteja hadi kichwa chake au jiwe lilifiche.

Mwanakapri
Nimemulika, utando upo, nyuzi hakuna. Nikishasafishiwa niitunze vipi? Sasa hivi inakaa kwenye begi la kamera.

LenziKuukuu
Begi la kitambaa linatunza unyevu, na huku ziwani unyevu haukosi. Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira, weka silika (chembe za kunyonya unyevu) ya rangi ya machungwa. Ikigeuka kijani, ikaushe kwa moto mdogo, uirudishe ikishapoa.