Tupeane uzoefu: kushusha injini, kipimo kwanza ndipo spea

Wakuu, habari za jioni. Wengi wetu tukiambiwa injini ishushwe, yaani ifunguliwe na kufanyiwa matengenezo makubwa, tunakimbilia Gerezani, Dar, kununua pistoni, ringi na beringi, ndipo bloku iende kwa mchongaji, fundi wa mashine anayepanua silinda. Mpango huo unatumaliza, hasa sisi tunaotegemea gari kwa riziki.

Yangu ni Probox yenye injini ya 1NZ-FE, ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Fundi alikataa kuniandikia spea kabla ya kupima kila silinda juu, katikati na chini. Silinda ya injini hii ikiwa mpya ina mm 75, na Toyota wenyewe hawaruhusu bloku yake kuchongwa: ni ya alumini, silivu za chuma ndani yake ni nyembamba mno. Ikipita kikomo, tafuta bloku nyingine. Zangu zilikuwa bado ndani ya kipimo, nikanunua ringi za saizi ya kawaida, beringi na sili za valvu. Pistoni sikugusa. Wenye IST na Vitz za 1NZ, hili linawahusu.

Wengine mlipangaje?

*

Mkuu, mimi ni Hiace yenye injini ya 3L, niko Mwanza. Silinda zilikuwa na mikwaruzo, kuchonga hakukwepeki. Mchongaji alitaka pistoni zote nne mezani kwanza. Boksi linasema 0.50, yaani silinda itoke mm 96 iende kwenye 96.50, lakini yeye hupima kila pistoni kwa maikromita, anaichongea silinda yake, kisha anaipiga namba. Ya kwanza haihamii ya pili. Krenki hivyohivyo: beringi nilisubiri mpaka aliposema inaingia ya 0.25, yaani nene kidogo kwa ajili ya krenki iliyochongwa.

*

Mkuu wa 3L, gasketi ya hedi (ile inayokaa kati ya bloku na kifuniko chake cha juu) ulinunua lini? Nina Hilux ya 2L, na za familia hiyo zina unene wa aina tatu: B, D na F. Unachagua pistoni zikishafungwa, kwa kupima zinavyotokeza juu ya bloku. Ukiweka nene kupita inavyotakiwa, mgandamizo unashuka na asubuhi gari linasumbua kuwaka. Tena hedi ipimwe nyufa kwa presha kabla ya kusawazishwa uso. Kulipia kusawazisha hedi iliyopasuka ni pesa ya bure.

*

Niliinunua mwisho kabisa, mkuu, ikatoka D. Mwenye injini ya 1KZ atuambie ya kwake, maana hedi zake zinajulikana kwa kupasuka.