Hivi kweli makabila mengine huzeeka mapema?

Mwana wa Bombo
Wakuu, juzi nilikuwa matangani hapa Bombo, Uganda. Wazee wawili wameketi benchi moja, wote wastaafu wa jeshi, vitambulisho vyao vyote vinasema 1958. Mmoja mtu wa Kiruhura, kule Ankole kwa wafugaji, ngozi imenyooka utadhani anapakwa samli kila alfajiri. Mwenzake wa Kotido, kule Karamoja, mashavu yameingia ndani, macho yamezungukwa na mikunjo, akitaka kusimama anashika goti kwanza. Nikamwamkia huyo wa Kotido kama baba wa mwenzake, benchi zima likacheka. Sasa naomba tujadili bila matusi. Kuzeeka ni kabila? Wazungu tunawajua, akifika 40 shingo imeshakuwa ya kobe. Lakini sisi kwa sisi? Maana kuna mahali ukienda, mfano Panyimur, Ziwa Albert, kwa wauza samaki, mama ana miaka 45 unataka kumwita bibi.

Kiboko Ntungamo
Maziwa, ssebo. Mjadala umekwisha, fungeni.

Boda wa Kabalagala
Maziwa gani? Wakaramojong wanakunywa maziwa tangu hamjazaliwa, tena wanachanganya na damu. Mbona mzee wa Kotido kachoka?

Kiboko Ntungamo
Wao wanakunywa wamesimama, wanachunga. Sisi tunakunywa tumekaa.

Binti Panyimur
Wewe wa Bombo, hebu rudia ulichosema kuhusu mama zetu. Muuza samaki wa Panyimur ni mama yangu mzazi. Anaamka saa tisa usiku. Mitumbwi ikirudi anapatana bei na wavuvi amesimama kwenye maji ya magoti. Jua likitoka anapasua samaki, anawapanga kwenye chanja, kisha anakaa na moshi mpaka jioni akiwageuza mmoja mmoja kwa mkono, kwa sababu ukigeuza kwa kijiti ngozi inabaki kwenye waya na mteja hanunui samaki aliyechunika. Vidole vyake viwili havina alama tena. Tulipoenda kusajili laini ya simu mashine ilimkataa mara tatu, kijana wa kibandani akamwambia, "Mama, kanawe." Alikuwa amenawa. Mikono hiyo ndiyo iliyonilipia ada mpaka chuo. Mama yako wewe anafanya kazi gani?

Mwana wa Bombo
Dada, usipandishe. Ulikuwa mfano tu. Na mama yangu usimwingize humu.

Binti Panyimur
Wangu umeshamwingiza. Wako yuko wapi, kivulini?

Nesi wa Arua
Jamani, kabla hamjashikana mashati. Kinachokunja ngozi kuliko kitu kingine ni jua, na melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi, ndiyo mwavuli wake. Kwa hiyo wanaosema mtu mweusi hachakai uso upesi kama Mzungu hawajakosea. Lakini msikimbilie kabila. Chukua ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ana ualbino. Ukoo mmoja, chungu kimoja, jembe moja. Yule mwenye ualbino asipojikinga, kwenye miaka 30 ngozi yake imeshachoka na saratani inamnyemelea. Kabila lao ni lile lile. Sasa mtu wa Kiruhura na wa Kotido wote melanini wanayo ya kutosha, kwa hiyo tafuteni tofauti kwingine: kofia, kivuli, moshi, sigara, njaa ya utotoni, malaria. Na meno! Magego yakitoka, mfupa wa taya unapungua na mashavu yanaingia. Mwana wa Bombo, ulimwangalia mzee mdomoni?

Halafu uso si mwili. Kuna mtafiti wa Marekani, Arline Geronimus, tangu 1992 anasema wanawake weusi wa kule miili yao inachakaa mapema kuliko ya Wazungu kwa sababu ya maisha wanayobeba. Usoni bado binti, ndani presha inamla.

Boda wa Kabalagala
Daktari, hapo kwenye sigara umenigusa. Navuta pakiti kwa siku tangu 2009 na bado baa wananidai kitambulisho.

Nesi wa Arua
Mimi si daktari. Na kitambulisho wanakidai wakushikie deni.

Mama Shamim Kawempe
Nesi kasema moshi, nami nakubali, jiko la mkaa limenitoa machozi miaka ishirini. Ila hao mnaowasifia ngozi nyororo hapa mjini, ulizeni kwanza kopo. Krimu zenye zebaki, zenye steroidi, mtu anang'aa miaka mitano halafu ngozi inakuwa karatasi, ukimgusa mshipa unauona. Mimi nauza vipodozi, najua nani ananunua nini.

Kiboko Ntungamo
Mama Shamim, unataka kusema watu wa kwetu wanajichubua?

Mama Shamim Kawempe
Nimetaja kopo, sikutaja kabila. Aliyeshtuka kashtuka.

Kiboko Ntungamo
Dada zangu wote weupe wa kuzaliwa. Njoo Ntungamo nikuonyeshe picha zao za utotoni.

Mama Shamim Kawempe
Nitakuja na wembe wa kukwangua.

Mpwani wa Kampala
Samahani kwa kuingilia. Kwa faida ya wote, usoni ni makunyanzi. Mikunjo ni ya shati.

Boda wa Kabalagala
Aaa, kaja mwenye lugha yake. Sisi wengine Kiswahili tulifundishwa na askari, amri mbili na tusi moja, na kinatosha kubeba abiria.

Mpwani wa Kampala
Si kosa lako kaka. Nasema tu lugha ikitumika ovyo nayo inazeeka.

Boda wa Kabalagala
Inaota makunyanzi au mikunjo?

Mtu wa Moroto
Mnacheka. Serikali yenyewe iliwahi kuandika kwamba sisi tunazeeka mapema, na hamkufungua mjadala. Pesa ya wazee, hii mnayoiita SAGE, ilipoanza kwa majaribio, wilaya nyingine zilizochaguliwa ilikuwa mtu akifika miaka 65. Karamoja 60. Miaka mitano tulipewa. Si kwa damu wala kwa maziwa ya kusimama. Ni kwa sababu watu wetu walikuwa hawafiki huko 65, ukame unamaliza ng'ombe, bunduki inamaliza vijana, na zahanati ni mwendo wa siku. Halafu ilipotandazwa nchi nzima wakaweka 80, Moroto 80, Entebbe 80. Huyo mzee wa Kotido mliyemcheka benchi, kama kweli ni wa 1958, kwa hesabu hiyo atangoja mpaka 2038. Mtu anayeshika goti kusimama leo.

Kiboko Ntungamo
Lakini si mngelalamika mngeitwa wabaguzi? Mkipewa 60 mnasema tumedharauliwa, mkipewa 80 mnasema tumesahauliwa.

Mtu wa Moroto
Nani alilalamika kuhusu 60? Mimi nilisema tulipewa.

Boda wa Kabalagala
Yaani kelele zote hizi kwa elfu 25 kwa mwezi? Mimi naipata Jumamosi moja ya mvua. Ila kikomo cha miaka 75 cha urais tulikiondoa 2017, kwa hiyo nadhani kuna kabila huko juu lisilozeeka kabisa.

Mwana wa Bombo
Siasa peleka kwingine bwana. Mimi niliuliza ngozi.

Binti Panyimur
Elfu 25 unaidharau kwa sababu una pikipiki. Sikiliza basi, na wewe wa Bombo sikiliza zaidi. Bibi yangu, mama wa huyo huyo muuza samaki, hana pesa ya wazee, na kisa ni ngozi mnayoisifu. Ulipokuja uandikishaji wa vitambulisho 2014 hakujua mwaka wake. Kijana wa kuandika akamtazama usoni, akatabasamu, akasema huyu bado mbichi, akabonyeza 1952. Bibi naye akafurahi, nani hapendi kusifiwa? Akarudi nyumbani anatembea kama bibi harusi. Sasa tunajua gharama ya sifa. Bibi anasema mwaka wa uhuru, ziwa lilipoanza kupanda mpaka likameza mashamba ya ufukweni, alikimbia na mtoto wa tatu mgongoni. Huyo mtoto ni mjomba wangu, kitambulisho chake kinasema 1962. Basi kwa hesabu ya kadi, bibi alikuwa na watoto watatu akiwa na miaka kumi. Tumepeleka kadi zote mbili kwa wahusika. Mmoja akaziweka pamoja mezani, akazitazama, akacheka, akaturudishia.

Mama Shamim Kawempe
Yesu na Maria. Mtoto wa tatu na ana kumi!

Mpwani wa Kampala
Hapo sina la kusahihisha.

Mzee Karani
Nimewasoma tangu mwanzo nimenyamaza. Wanangu, mnalinganisha uso na mwaka. Huo mwaka nani aliuandika? Mimi zamani niliandikisha vijana kambini. Kijana akisema hajui alizaliwa lini, tulikuwa tunaangalia ndevu, tunaangalia meno, tunaandika. Anayeonekana mdogo tunampa mwaka wa karibu, anayeonekana mkubwa tunampa wa mbali, na wote tarehe 1 Januari. Wengine wenyewe walijiongezea ili wachukuliwe. Baadaye walijipunguzia ili wachelewe kustaafu. Sasa watu ambao umri wao ulisomwa usoni, leo mnasoma uso wao mnashangaa haulingani na umri. Hiyo 1958 ya wazee wa benchini huenda ni kalamu yangu.

Mwana wa Bombo
Mzee wangu heshima yako. Ulikuwa kambi gani?

Mzee Karani
Kambi haisaidii mjadala.

Boda wa Kabalagala
Kumbe ndiyo nyinyi! Baba yangu amestaafishwa akiwa na nguvu zake kwa sababu ya tarehe 1 Januari. Mzee, uko wapi nije nikusalimie?

Mzee Karani
Usinisalimie kwa hasira kijana. Baba yako akina nani walimwandika sijui, mimi nilikuwa karani mmoja kati ya wengi, na mshahara wenyewe ulikuwa wa chumvi.

Mtu wa Moroto
Naomba nirudishe hoja. Kama miaka yenyewe ya kukisia, 80 inapimwaje?

Kiboko Ntungamo
Baba yangu mimi ana cheti cha kuzaliwa, hakukisiwa. Ana 81, anapanda mwenyewe kilima na ng'ombe wake. Kwa hiyo hoja ya maziwa bado imesimama.

Nesi wa Arua
Na meno anayo?

Kiboko Ntungamo
Yote.

Nesi wa Arua
Haya basi.

Mzee Karani
Binti wa Panyimur, kama familia yenu ni watu wa kanisa, nendeni parokiani. Daftari za ubatizo za zamani zipo, paroko akiwa mtu mwema atawatafutia. Usimtafute bibi, mtafute mtoto wake wa kwanza. Mtoto akionekana kabatizwa 1958 au 1959, hakuna karani atakayesema mama yake ni wa 1952. Ombeni nakala yenye muhuri, msiwaachie ya asili.

Binti Panyimur
Asante baba. Wa kwanza alifariki mdogo, lakini alibatizwa, bibi analitaja jina lake kila Krismasi. Nitamtuma mjomba Jumatatu.

Mwana wa Bombo
Mimi naona tumetoka nje ya mada.

Binti Panyimur
Wewe ndiye ulitutoa, kwa ile sentensi ya mwisho ya andiko lako la kwanza. Na nimemsomea mama yote uliyoandika, simu nimeishika mimi kwa sababu mikono yake ina mafuta ya samaki. Kacheka mpaka akakaa chini. Anasema hana 45, ana 47, na kama unataka kumwita bibi ni ruhusa, ila uje na sukari kama wajukuu wengine.

Mwana wa Bombo
Mwambie nimepokea. Kilo ngapi?