Nyama ya ng'ombe na uyoga kwa mtindo wa Kijapani: mbona mchuzi unakuwa mwepesi na nyama inakuwa ngumu?

Jiko_la_Jioni aliuliza:
Habari zenu, wapishi wenzangu. Ningependa kuandaa nyumbani, kwa muda usiozidi nusu saa, nyama ya ng'ombe na uyoga juu ya wali, kwa mfano wa lile bakuli ambalo Wajapani huliita gyudon. Nyama, uyoga na kitunguu huviweka pamoja katika kikaango, kisha humimina sosi ya soya na sukari. Matokeo yake uyoga hutoa maji mengi, nyama hugeuka ya kijivu na kuwa ngumu, na mchuzi haukolei. Je, nibadilishe utaratibu gani? Tena situmii pombe kabisa, kwa hiyo naomba kujua kitu cha kutia badala ya mirini.

Mkaanga_Uyoga alijibu:
Tatizo lako ni msongamano, ndugu yangu. Sehemu kubwa ya uyoga ni maji, takriban asilimia 90, na ukiurundika pamoja na nyama katika kikaango kidogo, maji hayo hayapati nafasi ya kukauka, hivyo kila kitu huchemka badala ya kukaangika. Anza na uyoga peke yake katika kikaango chenye moto mkali na mafuta kidogo, uutandaze bila kuukoroga ovyo mpaka upande wa chini uwe na rangi ya kahawia, kisha uutoe na kuuweka kando. Chumvi iache kwanza, kwa sababu huvuta maji nje. Ikiwa unatumia shiitake, yaani uyoga wa kahawia upendwao Japani, hakikisha umeiva vizuri, kwani ukiliwa mbichi huwatokea baadhi ya watu vipele vyenye kuwasha.

Kisu_Kikali alijibu:
Naongeza kuhusu nyama, maana hapo ndipo wengi huharibu. Iweke katika friza kama dakika 40 hivi, iwe imeshikamana bila kuwa jiwe, ndipo uikate vipande vya unene wa milimita 2 au 3, ukikatiza nyuzi zake na si kuzifuata. Chagua sehemu yenye mafuta mafuta. Nyama kavu isiyo na mafuta hukakamaa upesi.

Kuhusu utaratibu, Wajapani wenyewe hawafuati njia moja. Katika sukiyaki (nyama na mboga katika mchuzi mtamu wa soya) ya upande wa Osaka na Kyoto, nyama hukaangwa kwanza, ikanyunyiziwa sukari na sosi ya soya palepale, na vingine hufuata. Upande wa Tokyo, mchuzi huchanganywa kabla, kisha nyama na mboga hupikwa ndani yake. Kwa chakula cha haraka mimi napendelea njia ya kwanza, kwani sukari inayoungua kidogo juu ya nyama hutoa ladha ambayo mchuzi uliochanganywa kabla hauwezi kuifikia. Lainisha kitunguu kwanza, kitoe, kisha kaanga nyama haraka. Mara tu wekundu unapokaribia kwisha, rudisha kitunguu na uyoga, na baada ya dakika moja au mbili epua.

Supu_Safi alijibu:
Mirini ni kileo kitamu, kwa hiyo kwako kinachohitajika ni utamu na mng'ao wake tu. Kwa gramu 300 za nyama, vijiko 3 vya chakula vya sosi ya soya, kijiko kimoja na nusu cha sukari na vijiko 4 vya maji vinatosha. Matone machache ya siki ya mchele hupunguza uzito wa sukari. Soma pia kibandiko cha sosi ya soya, kwa kuwa baadhi huongezewa pombe ili zisiharibike.

Badala ya hayo maji, tumia yale uliyolowekea shiitake mkavu. Mwaka 1908 mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda alitambua kwamba ladha nono ya mwani wa kombu inatokana na glutamati. Shiitake mkavu una guanilati, kiini kingine cha ladha nono, na glutamati na guanilati vikikutana, ladha huzidi sana kuliko kila kimoja peke yake. Sosi ya soya tayari ina glutamati, hivyo hata bila kombu utaionja tofauti.

Jiko_la_Jioni aliandika tena:
Nashukuruni sana. Je, shiitake mkavu ulowekwe kwa maji ya moto ili kuokoa muda?

Supu_Safi alijibu:
Maji ya moto huulainisha upesi, lakini ladha hupungua. Uloweke kwa maji baridi ndani ya jokofu tangu usiku uliotangulia, kisha uchuje maji hayo kwa kitambaa, maana huwa na mchanga.