Mjadala: Nyumba kongwe za Ujiji zilindwe kisheria, au mwenye nyumba aachiwe abomoe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Kitongoni, Ujiji. Baba mdogo ameamua kubomoa nyumba ya babu ajenge fremu nne za maduka. Nyumba ni ya tofali za udongo, kuta nene hadi mtoto analala dirishani, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani mchikichi mmoja uliobaki. Mbele kuna baraza. Asubuhi bibi alikuwa akichambulia dagaa hapo, na jioni wazee wanakuja na bao lao, kahawa na kashata, mpaka adhana ya Isha.

Mgeni akija Ujiji anapelekwa moja kwa moja kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi. Anaona miembe, anaona sanamu za Wazungu wawili wakisalimiana, anapiga picha, anarudi zake Kigoma. Nani anamwambia kwamba Novemba ile ya 1871 aliyemkimbilia njiani Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, akamsalimia kwa Kiingereza, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone? Au kwamba mji ulikuwa na wenyewe: Wajiji, akina Mwinyi Kheri waliotoka Mrima kule pwani, na watu waliovushwa Ziwa Tanganyika kutoka Manyema kule Kongo, wengi wao wakiwa watumwa? Wajukuu wa hao wote wako Kitongoni, Kasingirima na Rubuga hadi leo, na mabaraza yao ndiyo hayo yanayobomolewa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo la kabla ya 1863. La baadaye linasubiri waziri alitangaze kuwa la kulindwa. Kwa kipimo hicho hata wale Wazungu wawili walichelewa miaka minane, ila wao walipata mnara!

Msimamo wangu: mitaa miwili mitatu itangazwe, sura ya mbele ibaki ilivyo, uani kila mtu ajenge atakavyo. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kwani wewe unaishi wapi sasa hivi? Mimi niko humo humo Ujiji. Mvua zikianza, ukuta wa upande wa mama unalainika kama ugali, tunafunga turubai na kumwomba Mungu. Reli ilipofika Kigoma 1914 biashara ikahamia huko, sisi tukaachiwa historia. Fremu moja inalipa ada ya watoto wawili. Baraza linalipa nini?

Mchangiaji wa pili

Naandika kutoka Unguja. Mji Mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hapa hubadilishi hata dirisha bila kibali. Pamoja na hayo, Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la masultani, iliporomoka, tena wakati inakarabatiwa. Hilo ni jengo la serikali, sembuse nyumba ya mjane? Ukikataza watu kubomoa na hutoi chokaa wala fundi, kazi ya kubomoa umeiachia mvua. Ujiji mpo kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ile ya maeneo yanayopendekezwa kuingia Urithi wa Dunia, tangu 2006, kwenye ile njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu. Ulizeni kwanza fedha ya ukarabati itatoka mfuko gani, ndipo muombe tangazo.

Mchangiaji wa tatu

Ziwa lenyewe lilihama, jamani. Maji yalishuka baada ya mto Lukuga, unaotoa maji ziwani, kufunguka kule Kongo, ndiyo maana leo ule mnara uko mbali na ufukwe. Mji nao unasogea. Waacheni wajenge.

Mleta mada

Niko Mbagala, Dar es Salaam; mchangiaji wa kwanza, umenipata hapo. Na ndugu yangu wa Unguja simbishii: tangazo lisilo na fungu ni karatasi. Ila huyu wa ziwa nambishia. Maji yalishuka yenyewe, nyumba inabomolewa na mtu aliyepiga hesabu. Hesabu inajadilika. Nilimwambia baba mdogo fremu mbili zikae ubavuni, baraza libaki katikati, hata mwenye duka atapata wateja wa kahawa. Akacheka. Fundi anakuja Jumamosi kupima. Nimemwomba angalau aipige picha kabla haijaguswa, akaniuliza, "Picha ya nini, kwani wewe huikumbuki?"