Bushi za mashine ya kuosha mihogo: naironi, POM au shaba?

Mzee wa Spana: Wakuu habari za jioni. Natengeneza mashine ya kuosha mihogo, shafti ni ya chuma mm 40, inazunguka taratibu tu kama mizunguko 40 kwa dakika, ila bushi (zile pete shafti inamozungukia) zitashinda kwenye maji. Dukani kuna naironi nyeupe, POM (plastiki ngumu, wengine wanaiita asetali), na shaba ambayo bei yake haishikiki. Nikakereze ipi?

Kereza255: Naironi kwenye maji hapana mkuu. PA6, ambayo ni aina ya naironi, ikilowa mpaka ishibe inabeba karibu asilimia 9 ya uzito wake, na ikinywa inavimba, sasa nje imebanwa na chuma itavimbia wapi kama sio ndani? Inaikaba shafti. Leo inazunguka freshi, wiki zinazokuja unasikia mota inaguna. POM hainywi hata asilimia 1. Weka POM ulale.

Tana Mwanza: Sawa ila msiitukane naironi, kwenye toroli na trela zinazorukaruka mashimoni inavumilia vishindo kuliko POM. Tatizo mafundi wengi wanaipa nafasi (ule uwazi kati ya shafti na tundu) ileile ya shaba halafu wanalaumu malighafi. Plastiki zote zinatanuka na joto mara nyingi kuliko chuma, kwahiyo tundu liachie nafasi zaidi, na kumbuka ukishaigonga bushi ndani ya nyumba yake, yaani chuma kinachoishika kwa nje, tundu linabana tena, pima baada ya kuigonga sio kabla.

dada_mitambo: Mbona hamna anayeongelea mchanga jamani?? Mihogo inatoka shambani na udongo wake. Chembe ya mchanga inajichimbia kwenye plastiki inakaa humo, inageuka msasa unaokula shafti polepole. Hata shaba haiponi. Weka sili pande zote mbili kwanza, hayo mengine baadaye

Mzee wa Spana: Sili nimekuelewa dada. Na kukereza je, fundi wangu kazoea chuma tu

Tana Mwanza: Mwambie kisu kiwe kikali kama wembe, kile alichochongea chuma asubuhi asikiguse, kikiwa butu kinasugua badala ya kukata na plastiki inaanza kulainika. Akitoboa awe anaitoa drili mara kwa mara ipoe. Ule uzi mrefu unaotoka ukijisokota kwenye kipande azime mashine ndio autoe, asiuvute kwa mkono. Na asipime ikiwa ya moto, aiache ipoe kabisa, hapo ndio kipimo kinadanganya watu.

Mzee wa Spana: Shukrani. Swali la mwisho, zote nyeupe, dukani nitajuaje sijauziwa naironi kwa jina la POM?

Kereza255: Omba kipande kidogo. Koroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka igome kuyeyuka, tumbukiza. Naironi inaelea, POM inazama. Wengine wanachoma wanusie, naironi inanuka nywele zilizoungua, ila moshi wa POM ni sumu mkuu usiuingize puani.

dada_mitambo: Hiyo ya chumvi naibeba 😂 ila sili usisahau