Mwanangu anataka kujiunga na skauti: je, bado wanafundishwa tabia njema na stadi za maisha, au limebaki gwaride tu?

MamaWawili, Moshi

Habari zenu wazazi wenzangu na walimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 11, anasoma darasa la tano katika shule ya msingi hapa Moshi mjini. Wiki mbili zilizopita alirudi nyumbani na karatasi ya kuomba ridhaa ya mzazi ili ajiunge na skauti, pamoja na orodha ya mahitaji: sare, skafu, mkanda, na mchango wa kambi ya siku tatu itakayofanyika upande wa Marangu wakati wa likizo ya Juni. Tangu siku hiyo hana habari nyingine. Kamba yangu ya kuanikia nguo ameifungua ili ajifunze mafundo, nami naanika juu ya michongoma.

Baba yake hakatai kwa sababu ya fedha. Anasema skauti anaowaona yeye ni wale watoto wanaosimama juani saa nyingi wakati wa mapokezi ya Mwenge au sherehe za uwanjani, wakisubiri kumvisha mgeni rasmi skafu, na haoni mtoto anajifunza nini pale zaidi ya kuvumilia kiu. Mimi nina kumbukumbu tofauti. Kaka yangu mkubwa alikuwa skauti, na katika nyumba yetu ndiye mvulana pekee aliyejua kupika, kushona kifungo na kufunga kidonda bila kuitiwa mtu. Hadi leo, ukitokea msiba katika ukoo, yeye hufika mapema na kuuliza ni kazi gani haijapata mtu. Sijui kama tabia hiyo aliipata skauti au alizaliwa nayo, na hilo ndilo linalonisumbua.

Naomba mnaoijua skauti ya sasa kwa karibu, si ile ya kusimuliwa, mnieleze ukweli. Je, bado inamjenga mtoto?

Mstaafu wa Kibosho

Mama, nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa skauti mwenyewe, kuanzia 1974 hadi 1978. Nitakueleza jambo moja tu nililoliona kwa macho yangu, kwa kuwa ndilo linalonifanya niiamini skauti.

Tulikuwa wavulana saba katika matembezi ya siku moja milimani. Kiongozi wa kikundi chetu alikuwa mwenzetu wa miaka 14. Mwalimu alikuwa nyuma na kundi jingine, mbali kidogo. Mmoja wetu alijikata mguu kwa panga alipokuwa akichanja kuni, na damu ilikuwa nyingi. Yule kiongozi wetu hakupiga kelele. Alimwambia mmoja akandamize kidonda kwa skafu, wawili wakate miti miwili mirefu, mmoja akimbie kumwita mwalimu, nami akaniambia nikae kichwani pa majeruhi na nisiache kuzungumza naye hata kidogo. Tulivua mashati, tukayapitisha kwenye ile miti kupitia mikono ya mashati hayo, ikawa machela, tukambeba hadi zahanati. Namna ya kutengeneza machela hiyo tulikuwa tumefundishwa shuleni kama mchezo, tukishindana nani atamaliza kwanza. Siku ile niliona kwamba mchezo ule ulikuwa umeingia mikononi mwetu bila sisi kujua.

Zingatia, Mama, kwamba hakuna mtu mzima aliyetupangia kazi. Hapo ndipo ilipo siri yote. Baden-Powell, mwanajeshi Mwingereza aliyeanzisha skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi Agosti 1907, alichukua wavulana wapatao 20, baadhi wa shule za matajiri na wengine wa familia za vibarua, akawagawa katika makundi manne, na kila kundi akalipa kiongozi mvulana mwenzao. Alikuwa ameona katika vita ya Makaburu huko Afrika Kusini, mji wa Mafeking ulipozingirwa kwa siku 217, jinsi wavulana walivyopeleka ujumbe na kufanya kazi nyingine walizokabidhiwa, na kuzifanya kwa uaminifu. Alitambua kuwa mtoto akiaminiwa na kazi ya kweli, hujitahidi asiiangushe.

Kwa hiyo mumeo ana haki ya kulalamika. Mimi pia huumia ninapoona kikosi kinachokutana pale tu wilaya inapohitaji watoto wa kupamba sherehe. Gwaride lina faida yake, linafundisha usikivu na kwenda pamoja, na kumvisha mgeni skafu ni heshima ambayo mtoto huikumbuka. Hata hivyo, kikosi ambacho hakijui kazi nyingine zaidi ya hiyo kimebaki na sare tu. Kabla ya kusaini karatasi, uliza: mara ya mwisho watoto hawa waliwasha moto lini, wakapika lini, wakasoma alama za njia porini lini? Nilipofika Nyeri, Kenya, kwenye kaburi la Baden-Powell aliyefariki Januari 1941, niliona jiwe lake limechorwa duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njia ya skauti yenye maana ya "nimekwenda nyumbani". Wanafunzi niliokuwa nao waliisoma kabla sijawaeleza, na nilifurahi kuliko siku nyingi nilizoshika chaki.

Baba wa Sakina, Arusha

Shikamoo Mwalimu. Nayaheshimu maelezo yako, lakini sipendi mama huyu asikie upande mmoja.

Mwanangu alijiunga na skauti akiwa na miaka 12. Kambi yake ya kwanza ilisimamiwa na kijana ambaye, kama nilivyokuja kugundua baadaye, hakuwa amepata mafunzo yoyote ya uongozi wa skauti. Alipewa kazi hiyo kwa sababu ana sauti kubwa na anajua gwaride. Usiku wa pili watoto sita walichelewa kurudi kutoka kisimani, naye akawapigisha magoti kwenye changarawe kwa muda ambao mwanangu anasema ulikuwa mrefu kuliko kipindi cha darasani. Alirudi nyumbani magoti yamevimba, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakutaka kusema, kwa kuwa waliambiwa skauti halalamiki. Nilipokwenda kuuliza, sikukuta hata orodha ya majina ya watoto waliokuwa kambini wala namba za simu za wazazi wao.

Mtoto anayefundishwa kunyamaza anapoonewa hajafundishwa tabia njema. Amefundishwa woga, na mtu mwovu akimkuta na woga huo atautumia. Marekani, chama kikubwa cha skauti wavulana kiliomba ulinzi wa mahakama wa mufilisi mwaka 2020, na zaidi ya watu 82,000 walijitokeza kudai kwamba walidhalilishwa kingono utotoni wakiwa skauti. Fidia iliyokubaliwa ilikuwa zaidi ya dola bilioni 2.4. Hapa kwetu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walikuwa wamepata ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Sisemi kwamba walifanyiwa hayo skauti. Mengi hutokea nyumbani na mitaani. Nasema kwamba mzazi wa Tanzania hawezi kumkabidhi mtoto wake kwa mtu asiyemjua, usiku, mbali na nyumbani, kwa sababu tu mtu huyo amevaa skafu.

Mwanangu nilimtoa. Kama ningepata kikosi chenye viongozi waliofunzwa ningemrudisha, kwa kuwa mwenyewe bado anaililia skauti.

Kiongozi wa kikosi, Arusha

Baba wa Sakina, pole sana kwako na kwa kijana. Naongoza kikosi cha shule hapa Arusha, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba alichofanyiwa mwanao hakina nafasi katika skauti. Ahadi anayoitoa mtoto inataja wajibu wake kwa Mungu na kwa nchi yake, na kuwasaidia watu wengine wakati wote. Hakuna kanuni inayosema asilalamike anapoumizwa. Shirika la skauti duniani, ambalo lina wanachama katika nchi zaidi ya 170, lina sera ya kumlinda mtoto dhidi ya madhara, na mzazi yeyote ana haki ya kumuuliza kiongozi anaitekeleza vipi.

Katika kikosi chetu mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pa faragha. Tunakuwa wawili daima, na kukiwa na wasichana lazima awepo kiongozi mwanamke. Watu wazima hawalali hema moja na watoto. Kila mtoto anaijua namba 116 ya kutoa taarifa za ukatili dhidi ya watoto, na tunaifundisha siku ileile tunayofundisha huduma ya kwanza, kwa sababu zote mbili ni za kuokoa mtu. Mzazi anaruhusiwa kufika kambini saa yoyote bila kutuarifu. Kiongozi akikwambia kwamba ujio wa wazazi unaharibu mafunzo, mchukue mtoto wako siku hiyohiyo.

Sasa nirudi kwa swali la MamaWawili, kama kaka yake alizaliwa hivyo au alijengwa. Swali hilo watafiti wameligusa. Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani kiliwafuatilia kwa takriban miaka miwili na nusu watoto karibu 1,800 wa skauti wadogo katika eneo la Philadelphia, pamoja na wengine karibu 400 ambao hawakuwa skauti. Mwanzoni makundi hayo mawili hayakutofautiana sana kitabia. Mwishoni wale wa skauti walikuwa wamepanda katika mambo kama uchangamfu, wema, utii, uaminifu na moyo wa kusaidia, ilhali wenzao hawakuonyesha kupanda huko. Uingereza nako, utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliotumia taarifa za watu karibu 10,000 waliozaliwa mwaka 1958, uligundua kwamba waliokuwa utotoni katika skauti au Girl Guides, chama cha wasichana kinachofanana na skauti, walikuwa na uwezekano mdogo kwa takriban asilimia 15 wa kuugua wasiwasi au sonona walipofika miaka 50. Kilichonigusa zaidi ni kwamba pengo la afya ya akili kati ya waliokulia katika umaskini na wenzao lilipungua miongoni mwa waliopitia skauti. Hao ni watoto wa Marekani na Uingereza, si wa Ngarenaro wala Pasua, na siwezi kuyachukua matokeo yao nikayabandika hapa kama yalivyo. Hata hivyo yanafanana na ninayoyaona kila Jumamosi.

Nina msichana mmoja kikosini ambaye alipofika hakuweza kuzungumza mbele ya watu watatu. Tulimkabidhi sanduku la huduma ya kwanza la kikundi chake: ahesabu bandeji, aandike kilichotumika, aje kwangu kuomba kinachopungua. Kazi hiyo ilimlazimu kusema. Baada ya miezi kadhaa alinijia, akanieleza mbele ya wenzake kwamba nilichukua mkasi wiki iliyopita na sijaurudisha, na ilikuwa kweli. Nilimwomba radhi. Sidhani kama hotuba yangu yoyote juu ya ujasiri ingemfikisha pale.

Nikiri pia udhaifu wetu. Vikosi vingi vinaegemea mwalimu mmoja anayejitolea baada ya vipindi, na akihamishwa, kikosi hulala. Sare ni ghali kwa baadhi ya familia, na kuna watoto wanaoacha kwa aibu ya kukosa kaptura. Kwetu mtoto huanza na skafu tu, na skafu hiyo ni ya kikosi.

MamaWawili, Moshi

Nawashukuru nyote kutoka moyoni, na Baba wa Sakina nakupa pole ya pekee. Niliyasoma maelezo yenu pamoja na mume wangu, na Jumamosi iliyopita tulikwenda shuleni bila kutoa taarifa.

Tulikuta watoto wapatao 30 wamegawanyika katika makundi manne chini ya miti. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya darasa pamoja na mwalimu mwenzake wa kike, wakiangalia. Kundi moja lilikuwa likibishana namna ya kufunga miti mitatu isimame iweze kubeba sufuria. Ikaanguka mara mbili, na mwalimu hakuinuka. Mara ya tatu ikasimama. Mume wangu alimuuliza mwalimu maswali yote ya hapa juu, moja baada ya jingine, hadi nikaona haya. Orodha ya majina ipo, na namba za wazazi zipo. Kuhusu mafunzo, mwalimu alisema ukweli kwamba yeye amepata ya awali tu na bado anasubiri nafasi ya kuendelea, jambo ambalo kwa maoni yangu lilimpandisha hadhi mbele ya mume wangu kuliko kama angejisifu. Tulipouliza kama baba anaweza kufika kambini siku ya pili, alisema aje na asaidie kubeba maji.

Tumesaini. Sare tutanunua kwa awamu. Limebaki jambo dogo: Marangu mwezi Juni kuna baridi kali usiku, na mtoto huyu ana kifua chepesi. Nimfungie nini?

Mstaafu wa Kibosho

Mama, blanketi zito, sweta, soksi za sufu, na nguo kavu za kulalia zilizofungwa ndani ya mfuko wa nailoni ili mvua isizifikie. Kama ana dawa, mpe mwalimu mkononi na umwandikie kwenye karatasi saa za kunywa. Lakini begi usimfungie wewe. Mpe orodha, akusanye mwenyewe, afunge mwenyewe, nawe ukague kwa macho tu bila kugusa. Akisahau soksi atajua usiku wa kwanza, na hatasahau tena. Blanketi la pili mpe baba yake aende nalo siku ya pili atakapokwenda kubeba maji.